Kufuma kwa Mkono wa Kushoto

Nia yangu ni kuzungumza nanyi juu ya kazi ndogo ya mikono, nayo ni kufuma kwa sindano ya kulabu, kazi ambayo wengi huiita kroshia. Mnaijua, maana ndiyo ifanyayo vitambaa vya meza na vya migongo ya viti, kofia za watoto wachanga na mapindo ya mashuka. Lakini leo nataka kusema hasa na mwanafunzi mwenye mashoto, na mama yake, na mwalimu wake. Katika kila watu kumi, karibu mmoja huzaliwa mwenye mashoto, naye ndiye mara nyingi aambiwaye, “Wewe huna mikono ya kazi hii.”

Neno hilo si kweli, nalo lina hasara. Na tutazame jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Mwalimu huketi na kulabu yake katika mkono wa kuume, na wasichana wameketi ubavuni pake wakimtazama. Mwenye mashoto hujaribu kufuata, lakini kila aonalo ni kinyume cha mkono wake. Uzi wapita upande usiopaswa, fundo lafumuka. Ndipo mwalimu huitwaa kulabu katika mkono wa kushoto na kuitia katika mkono wa kuume. Sasa mtoto ana kazi mbili, kujifunza kufuma na kujifunza mkono mgeni. Baada ya juma moja wenzake wamemaliza kitambaa, naye ana fundo jeusi la jasho. Hulificha chini ya godoro, asiguse kulabu tena.

Najua wazee watasema, “Mkono wa kushoto si mkono wa adabu.” Ni kweli kwamba kwetu hatuli nao, wala hatumpi mtu kitu nao, na mtoto yafaa afundishwe hivyo. Lakini adabu ni jambo la mtu na mwenziwe, na kazi ni jambo la mtu na chombo chake. Mkulima mwenye mashoto hutanguliza mkono wa kushoto mpinini, na mahindi yake huota kama ya jirani. Vivyo hivyo binti aweza kufuma kitambaa kwa mkono wa kushoto, kisha akampa bibi yake kwa mikono miwili, amepiga magoti, na adabu isipungue hata kidogo.

Wala watu wa mashoto si wanyonge. Katika Kitabu cha Waamuzi twasoma habari za watu 700 wa kabila la Benyamini, wote wa mashoto, hodari wa teo kiasi cha kupiga shabaha nyembamba kama unywele. Mfalme George wa Sita, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1936 hata 1952, alikuwa na mashoto tangu kuzaliwa. Utotoni alilazimishwa kuandika kwa mkono wa kuume. Lakini katika tenisi alishika ubao kwa mkono wake wa kushoto, na mwaka 1926 alicheza nao katika mashindano ya Wimbledon.

Basi sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaieleza kwa mkono wa kushoto, na wenye mkono wa kuume mnivumilie, maana ninyi mmekwisha fundishwa siku zote.

Kwanza, vifaa. Mkasi hutengenezwa kwa ajili ya mkono mmoja, nao humsumbua mwenye mashoto. Lakini kulabu haina kuume wala kushoto, ni ile ile kwa watu wote. Anza na kulabu nene kidogo na uzi mnene wa rangi nyeupe, kwa kuwa katika uzi mweusi macho ya mwanafunzi hayavioni vitanzi. Asiyeweza kununua kulabu na achonge kijiti cha mwanzi mkavu, akilainishe kwa msasa hata kisikwaruze uzi.

Pili, mikono. Shika kulabu kwa mkono wa kushoto kama ushikavyo kalamu. Uzi uzungushe mara moja katika kidole cha mwisho cha mkono wa kuume, upite chini ya vidole viwili vya kati, utokee juu ya kidole cha shahada. Kidole hicho ndicho kiachiacho uzi kidogo kidogo, usikaze wala usilegee. Basi mkono wa kuume nao haukai bure. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na katika kazi hii mmoja hufuma na mwingine hulisha.

Tatu, mnyororo. Funga kitanzi kinachoteleza, ukitie katika kulabu, usikibane. Pitisha uzi juu ya kulabu, uuvute utokee ndani ya kitanzi. Hicho ndicho kitanzi cha kwanza cha mnyororo. Endelea hivyo hata upate vitanzi 21. Utazame mnyororo wako, wafanana na msuko wa nywele. Ikiwa vitanzi vingine ni vikubwa na vingine vidogo, fumua uanze tena. Kufumua si aibu, na uzi hauharibiki. Fanya mnyororo tu kwa siku mbili au tatu, hata vitanzi viwe sawasawa.

Nne, safu. Hapa ndipo njia zinapoachana. Mwenye mkono wa kuume huanza mwisho wa kuume wa mnyororo akaenda kushoto. Wewe huanza kushoto ukaenda kuume, kama macho yaendavyo katika kusoma. Acha kitanzi kimoja cha mnyororo kilicho karibu na kulabu, ingiza kulabu katika kile cha pili, chukua uzi, uvute utokee. Sasa una vitanzi viwili juu ya kulabu. Chukua uzi tena, uupitishe katika vyote viwili kwa pamoja. Hilo ni fundo moja. Fanya vivyo hivyo katika kila kitanzi hata mwisho, kisha uhesabu: yapasa mafundo yawe 20. Fuma kitanzi kimoja cha mnyororo, geuza kazi yako, uanze safu ya pili, tena toka kushoto. Hesabu kila safu. Ukipata mafundo 19 umeruka moja, na ukiacha hivyo kitambaa kitapungua upande mmoja mfano wa kabari. Kosa hili ni la wanafunzi wote, halina mashoto wala kuume.

Sasa neno kwa mwalimu. Usimwketishe mtoto huyu ubavuni pako. Mwketishe mbele yako, mtazamane, magoti kwa magoti. Hapo mkono wako wa kuume utakuwa mbele ya mkono wake wa kushoto, naye atakutazama kama mtu ajitazamavyo katika kioo. Uinuapo kulabu, naye atainua upande ule ule. Uelekeapo huku, naye ataelekea huku. Hutahitaji kujifunza kufuma kwa mkono wa kushoto ili umfundishe. Na kama mafundisho yametoka katika kitabu chenye picha, simamisha kitabu mbele ya kioo, mtoto afuate picha iliyo ndani ya kioo. Lakini maneno ya kitabu ayasome katika kitabu chenyewe.

Yako mambo machache ambayo mwenye mashoto hana budi kuyakumbuka baadaye, akiisha kuwa fundi. Kitambaa cha duara, ambacho mwenziwe hukizungusha kinyume cha mwendo wa saa, yeye hukizungusha kwa mwendo wa saa. Na kikiisha kulala mezani hakuna mgeni atakayejua tofauti. Lakini akifuata mchoro wenye herufi, kama jina la mtu, na ausome kutoka upande wa pili, la sivyo jina litatoka limegeuka. Tena akifuma vazi lililo wazi kifuani, maelezo ya upande wa kuume yatamtolea upande wa kushoto. Akilijua hilo mapema hapotezi kitu.

Labda msikilizaji mmoja atauliza kwa nini tujisumbue hivyo kwa ajili ya kitambaa. Kwa kumjibu nitataja habari za Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya nchi ile, chakula kikuu cha maskini, na njaa kubwa ikafuata kwa miaka kadhaa. Watawa na wanawake wengine wenye elimu waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma kwa kulabu, na vitambaa vyao vikauzwa Uingereza na kwingineko. Nyumba nyingi zilipata chakula kwa kijiti kile chembamba. Kazi hii haidai shamba wala mashine. Hufanywa kivulini, jioni, hata na mama anayenyonyesha. Na hata kwetu wako wanawake waliolipa karo ya watoto kwa vitambaa vya viti. Basi mtoto anyimwaye kazi hii kwa sababu ya mkono aliozaliwa nao amenyimwa akiba ya maisha.

Kwa hiyo, mwalimu, na wewe mama, ukimwona mtoto ameitwaa kulabu kwa mkono wa kushoto, usiubadili mkono wake. Badili mahali pake pa kuketi. Na wewe binti uliyeficha kazi yako chini ya godoro, itoe leo, ufumue lile fundo jeusi, uufue uzi na kuuanika. Ukikauka, anza na vitanzi 21. Wazee walisema, mwanzo kokochi, mwisho nazi.