Mbele ya kuformata, uliza mashini yako

(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wetu wa vijana)



Wengi wenu munanijua. Nilimaliza universite, diplome iko ndani ya nyumba, kazi sina. Leo sikukuja kulia juu ya kazi. Nimekuja kuwaambia namna nilipoteza kurasa 43 za memwari yangu, na namna zingeokoka kwa dakika kumi.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho. Nilikuwa na mashini ya mkono wa pili, yenye rafiki aliniwekea Ubuntu. Asubuhi moja naandika neno la siri, mashini inakubali, skrini inazimika kidogo, kisha inanirudisha palepale kwenye neno la siri. Mara tano, mara kumi. Nikakimbilia kwa fundi. Akaangalia dakika mbili, akasema: «Ni virusi, tunaformata.» Nikakubali, juu sikuwa na swali la kumuuliza. Nikalipa dola 10. Jioni mashini ilikuwa mzima, lakini memwari haikuwemo tena.

Miezi nyuma njo nikaelewa. Haikuwa virusi. Diski ilijaa, basi. Nilikuwa nimepakia filamu mpaka nafasi ikaisha, na Linux ikikosa hata nafasi ndogo ya kuandika faili za kukufungulia, inaweza kukurudisha kwenye neno la siri. Zile kurasa 43 zilikuwa zingali ndani, salama, mpaka ile saa tulipoformata.

Sisi humu tunajua kuuliza. Tunauliza pesa ya barabara ilienda wapi, nani alitia sahihi. Lakini mashini zetu hatuziulizi kitu, na Linux ni mashini yenye inajibu. Nawapatia maswali manne.

La kwanza: nafasi iko? Kama skrini ya kawaida inakataa, finya Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini nyeusi ya maandishi. Andika jina lako na neno la siri (halitaonekana ukiliandika, usiogope), kisha:

df -h

Ukiona 100% kwenye mstari wenye unaishia na alama «/» ama «/home», umepata mgonjwa wako. Kujua nani anakula nafasi:

du -h -d 1 ~ | sort -h

Mwenye uzito zaidi anakuwa chini ya orodha. Na mujue: faili yenye ulitupa kwenye kapu la taka ingali inakula nafasi mpaka umwage kapu.

La pili: kumbukumbu inatosha? Mashini ikienda polepole, andika:

free -h

Usiangalie «free», itakudanganya. Linux inatumia kumbukumbu yenye haina kazi ili kufungua faili haraka, na inairudisha ikihitajika. Angalia «available», kwa mashini ya Kifaransa ni «disponible». Kama ile iko chini sana, funga kurasa za intaneti mbele ya kulaumu mashini.

La tatu: nini ilitokea? Mashini inaandika daftari lake kila siku.

journalctl -b -p err

Hii inaonyesha makosa tangu ulipoiwasha. Weka -1 nyuma ya -b, utaona ya mara iliyopita, kwa mfano mbele umeme ukatike. Ukiona «I/O error» inarudia pamoja na jina la diski, kama sda, hapo simama. Diski inaweza kuwa inakufa. Usiformate, usijaribu kutengeneza. Toa kwanza faili zako.

La nne, na ni la kila wiki: nakala iko wapi? Weka kle ya USB, kisha:

rsync -rtv ~/Documents/ /media/jina/kle/nakala/

Badilisha «jina» na «kle» kufuatana na mashini yako. Uzuri wa rsync ni huu: mara ya pili haichukue yote, inachukua paka yenye ilibadilika. Ukimaliza andika «sync», ungoje irudishe mkono, kisha utoe kle kwa njia yake. Wengi tumeharibu kle juu ya haraka. Na kle yenye inalala ndani ya saki moja na mashini haiko nakala. Mwizi anachukua vyote viwili.

Sasa, mega. Najua bei ya mega, na mimi nanunua. Watu watano wakitaka programu moja, mmoja tu apakie. Mutumie «sudo apt-get install», si «apt» peke yake, juu apt-get kwa kawaida inahifadhi paketi ndani ya /var/cache/apt/archives. Kopia zile faili za .deb kwenye kle, umupe mwenzako, yeye aingie ndani ya dosie yake na aandike:

sudo apt-get install ./*.deb

Iwe tu Linux ya aina moja na toleo moja, la sivyo zitagombana. Ukishakopia, «sudo apt-get clean» inakurudishia nafasi.

Kwa wenye wangali na Windows 10: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza usaidizi wake wa kawaida, na mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Musiziuze bure. Linux Mint ya Xfce inaomba giga 2 za kumbukumbu, ijapokuwa 4 ni bora. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye kle bila kugusa diski. Ile kle ni dawa pia: mashini ikikataa kuwaka, unaiwashia kwenye kle, unafungua diski, unatoa faili zako. Angalisho moja: kutengeneza ile kle kunafuta kila kitu kilichokuwamo, na ukichagua diski vibaya unafuta diski. Andika «lsblk» kwanza, usome majina na ukubwa mara mbili.

Na amri yenye inaanza na «sudo», yenye mtu alikutumia kwa telefone, usiiandike bila kuelewa. «man» na jina la amri itakueleza, bila mega hata moja.

Sichukii mafundi. Wengi wanajua kazi. Lakini sikia neno «tunaformata», uliza: umeona nini? Diski inasema nini? Faili zangu ziko wapi kwanza? Fundi mwema atakujibu. Mwenye kukasirika, beba mashini yako.

Wenye wako na mashini yenye inasumbua, muilete kwenye mkutano wenye unakuja, pamoja na kle. Tutaiuliza pamoja, bila malipo. Na mwenye kuandika memwari mwaka huu, usingoje mkutano. Fanya nakala leo usiku, kama umeme uko.