Mshahara wa kwanza na watu wanaoungojea nyumbani

(Maneno yaliyosemwa Baraka mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, siku ya kupokea animatere wapya.)



Komite ilituomba sisi tunaofanya kazi mu vijiji tuseme maneno machache kwa vijana wanaoanza kazi wiki hii. Labda walitegemea tuseme juu ya rapore, juu ya pikipiki, juu ya kuheshimu saa. Ile yote iko mu kitabu cha kanuni, mutaisoma. Sisi tunataka kusema juu ya jambo ambalo kitabu hakilisemi: siku ile mshahara wa kwanza unaingia, unafika nyumbani, unakuta nani ameketi pale anakungojea.

Tuanze mbali kidogo, mutuvumilie.

Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 tukiwa migongoni mwa mama zetu ao tukishikwa mkono. Tulikulia Nyarugusu na Lugufu, kule Tanzania. Kambini jamaa ilikuwa hesabu iliyoandikwa juu ya kadi. Kadi ikisema watu 6, ni unga wa watu 6, njegere za watu 6, mafuta ya watu 6. Shangazi akija kukaa nanyi bila kuandikwa, anakula kweli, lakini ku kadi hayuko. Mtoto akizaliwa, jambo la kwanza ni kumwandikisha, jina la babu litakuja nyuma. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka wazazi wetu. Ile kadi ilitulisha. Lakini ilitufundisha kuhesabu ndugu kama mtu wa stoo anavyohesabu magunia.

Kisha tukarudi. Kuanzia mwaka 2005 meli zilitoka Kigoma zikashusha watu hapa Baraka, na watu wakaendelea kurudi miaka iliyofuata, wengine kwa meli, wengine kwa mitumbwi na pesa zao wenyewe. Kufika hapa, tulikuta watu wanatuita kwa majina ambayo sisi wenyewe hatukuyazoea. Huyu anasema yeye ni baba yetu mkubwa, yule anasema alitubeba tukiwa wadogo. Kadi hakuna tena. Ulikaa mu lubunga kati ya wazee, ukataja jina la baba na la babu, mzee mmoja akasimama akasema, shamba la huyu lilianzia ku mwembe ule. Basi. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yetu ya ardhi. Na tulikuwa tunaongea Kiswahili cha Kigoma: sisi tunasema kisamvu, wao wanasema sombe, sisi mchicha, wao lengalenga. Kibembe tulikisikia, lakini mdomoni kilikuwa kinakwama. Walitucheka, wakatupokea hivyo hivyo, wakatupa mbegu za muhogo na pa kulala.

Mtu aliyekupokea namna hiyo ana haki fulani juu yako. Kijana anaingia nayo ku biro siku ya kwanza ya kazi, lakini biro haimuulizi juu yake.

Biro inamuuliza mambo mengine. Inampa fishi ajaze: jina la bibi ao bwana, majina ya watoto. Mistari inaishia hapo. Tumeona kijana mmoja, na si peke yake, ameshika kalamu muda mrefu mbele ya ile fishi. Baba yake mzazi alikufa kabla hajaanza masomo. Aliyemlea, akamlipia minervali, akaenda kumposea mke, ni baba mdogo. Mu Kifaransa cha fishi huyo anaitwa "oncle", na mstari wa "oncle" hakuna. Mu Kiswahili chetu, na mu Kibembe, huyo ni baba. Hata sasa hatujui tumweleze namna gani mtu wa makao makuu kwamba kijana hakudanganya alipoandika "père".

Tena Kode ya Kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inatoa siku 4 mfanyakazi akifiwa na bwana ao bibi, na mzazi ao mtoto. Akifiwa na ndugu wa tumbo moja, ao babu, ni siku 2. Baba mdogo hayumo. Sheria haikuandikwa kwa ubaya, ni lazima iwe na mpaka mahali fulani. Lakini mtu asiyelala ku matanga ya baba mdogo wake, akaja asubuhi na pikipiki ya projeti na kofia ya projeti kufundisha watu wa kile kijiji juu ya umoja na kusaidiana, ni nani atamsikiliza? Watamwitikia kwa adabu, watasaini listi ya waliohudhuria, watarudi nyumbani. Hapo kazi imekufa, na rapore itasema watu 40 walifundishwa.

Sasa tuje ku mshahara.

Zamani wazee walikuwa wanaona mtu anatoka ku biro na bahasha. Leo pesa zinaingia mu simu. Simu inalia, na mu nyumba zetu ambamo simu moja inashikwa na watu watano, aliyesoma ujumbe wa kwanza mara nyingi ni mtoto. Jioni mama mwenye butike anajua, mwenye nyumba anajua, shemeji anajua. Mu jamaa nyingi desturi inasema mshahara wa kwanza hauliwi na aliyeufanyia kazi peke yake. Unapelekwa kwa wazazi. Mama anapata kikwembe, wazee wanapata cha kunywa, chumvi na sabuni zinapita mu nyumba mbalimbali, na mzee anasema maneno ya baraka juu ya mikono yako. Na pasta naye ana neno. Kuko makanisa hapa yanafundisha kwamba mshahara wa kwanza ni malimbuko, uletwe wote, si fungu la kumi. Sisi hatutaingia mu mambo ya pasta, ila tumeona kijana aliyepeleka wote kanisani akakaa mwezi mzima kwa deni la butike, na mama yake hakupata hata sabuni. Yule mama hakusema kitu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Wafadhili wetu wengine wanaposikia habari hizi wanaona ni mzigo, wanasema jamaa inamla mfanyakazi. Tunaelewa wanapotokea. Lakini hawa watu wanaokula mshahara ndio waliolipa masomo, walipokezana kumlipia: muhula mmoja muhogo wa shangazi, muhula mwingine ndakala za kaka, mwaka wa mwisho mbuzi ya mjomba. Ile diplome ina watu wengi ndani. Kurudisha kidogo ni deni, na mtu anayelipa deni halii kwamba ameibiwa.

Ubaya unaanza mahali pengine, na vijana, hapa tunaomba mutusikilize vizuri. Unaanza ku listi.

Mwezi wa pili ao wa tatu utatumwa kuandika watu watakaopata majembe na mbegu. Majembe yana hesabu yake, watu ni wengi kupita majembe. Usiku baba mkubwa atakuja, atakaa, atauliza habari za kazi, ataongea juu ya mvua. Akisimama kwenda atasema, "Mwanangu, na sisi utatukumbuka." Hakutaja listi, hakutaja jembe. Ni yule aliyekuonyesha shamba lako ku mwembe. Utasema nini?

Tumeliongea hili kati yetu mara nyingi, na hatukubaliani wote. Wenzetu wengine wanasema dawa ni kuficha: usiseme mshahara wako hata kwa mama, kaa mbali na kijiji, jibu kwamba wewe ni mtu mdogo, wakubwa wako Bukavu. Inasaidia miezi miwili. Kisha watu wanaanza kuhesabu wenyewe, na mtu anayehesabu pesa za mwenzake gizani huwa anazidisha. Unapata dola 200, wanasema 800. Jamaa ikiamini unapata 800 na unaleta 20, itakuwa na uchungu, na itaona jembe la projeti ni kitu kidogo ambacho unamnyima ndugu yako kwa roho mbaya tu.

Sisi wengine tumefanya kinyume, na tunaona inatembea. Mshahara wa kwanza ukiingia, ita wazee. Usingoje waje usiku mmoja mmoja, waite pamoja, mchana. Wape kile desturi inasema, kisha taja hesabu yote. Napata hivi. Nyumba ni hivi, chakula hivi, masomo ya wadogo hivi. Kwa jamaa nitaleta hivi kila mwezi, na kikitokea kifo ao ugonjwa tutaongea tena. Kontra yangu ni miezi 6, inaisha mwezi fulani. Halafu sema neno gumu mbele ya wote: pesa hizi ni zangu na zenu, lakini majembe si yangu. Nikimpa baba mkubwa jembe la mjane wa kijiji cha pili, huyo mjane atakuja kutulaani sisi wote, na mimi nitarudi hapa bila kazi, na hata hii ya kila mwezi itakatika.

Wazee wanaelewa maneno hayo kupita tunavyofikiri. Wao wenyewe waligawa nyama na mashamba miaka mingi, wanajua mgawaji akijipendelea kunatokea nini. Tumeona mzee mmoja akawakemea wengine kwa ajili yetu, akasema mtoto asisumbuliwe, alishatuonyesha mfuko wake. Si wote watakuwa hivyo. Kuko watakaonuna, kuko shemeji ambaye hatakuja tena kwako. Lakini ulinzi wa mzee mmoja mu lubunga tumeuona unafanya kazi kuliko kanuni zote tulizosainishwa.

Na kama jina la ndugu yako lina haki ya kuwa ku listi, maana naye ni mrudi kama wengine na hana jembe, usilifute kwa woga wa kusemwa. Hiyo nayo ni dhuluma. Mpe mwenzako wa kijiji kingine amuandike, na listi isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, jina kwa jina, anayepinga apinge palepale. Tangu tulipoanza kusoma listi hivyo, kelele ni nyingi siku ile na chache miezi inayofuata.

Sasa kwa wafadhili, kwa heshima. Haya yote tuliyowaambia vijana yanasimama juu ya kitu kimoja: kwamba hesabu aliyoitaja mbele ya wazee ni ya kweli. Kijana aliyesema nitaleta kila mwezi, kisha mshahara ukachelewa miezi miwili, mbele ya jamaa yake amekuwa mwongo. Hawatasema biro imechelewa, watasema ameanza kuficha. Na wakati huo ndio stoo imejaa mbegu na ufunguo uko mfukoni mwake. Mukituuliza ni nini kinaweka projeti hatarini zaidi, tutataja hilo mbele ya mambo mengine yote. Shirika moja tulilolifanyia kazi zamani lilikuwa linatuma wakaguzi kila miezi mitatu kuchungulia stoo, gari na hoteli juu, na wakati huohuo linawalipa animatere wakati linapojisikia. Pesa za safari moja ya ukaguzi zingewalipa watu wale.

Kontra za miezi 3 nazo zina shida yake. Mu miezi 3 mtu anakuwa bado analipa deni alilochukua kununua viatu vya kuanzia kazi. Hajafika hata ku kikwembe cha mama. Mtu wa namna hiyo unamwomba awe na msimamo mbele ya baba mkubwa, kwa nguvu gani? Tunaomba mwaka mmoja. Kama haiwezekani, miezi 6, na barua ya kusema itaongezwa ao haitaongezwa ije mwezi mmoja kabla, aweze kuwaambia wazee.

Na juu ya matanga, komite imeleta pendekezo dogo ambalo mutalipigia kura leo mchana: pale mfanyakazi anapofiwa na mtu aliyemlea, hata kama sheria haimtaji, apewe siku 4 zilezile, na mlezi huyo aandikwe siku ya kusaini kontra, mtu mmoja tu, ili isigeuke mlango wa kila jirani. Wengine wanaona mtu mmoja ni kidogo. Sisi pia tunaona ni kidogo, lakini tunajua wafadhili watauliza mpaka uko wapi, ni heri tuuchore wenyewe.

Listi ya upande wa Mutambala itasomwa siku ya posho asubuhi. Animatere wapya mufike mapema, musaidie kupanga viti, wazee wakae mbele. Fishi za kontra ziko kwa sekretere. Anayetaka kuandika baba mdogo pale ku mstari wa baba, aandike, na pembeni aeleze kwa mkono. Sisi tutapeleka hivyo hivyo.