Bajeti ya Harusi Isiandikwe kwa Ahadi

Harusi nyingi mijini Tanzania hupangwa na kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao vya kila wiki na daftari la ahadi za michango. Utaratibu huu wa kuchangiana unatujengea undugu, nami nautetea. Lakini una kasoro inayotugharimu: bajeti huandikwa kwa ahadi, ilhali ukumbi, mpishi, mapambo na mshereheshaji hulipwa fedha taslimu. Ahadi zisipotimia, maharusi huanza maisha na deni.

Kamati ipange matumizi kwa fedha iliyokwisha kuingia, kisha iongeze kadiri michango inavyopokelewa. Idadi ya wageni iamuliwe kwanza, maana chakula, vinywaji na viti hufuata idadi hiyo. Familia za makabila au dini mbili zikubaliane mapema mila zipi zitafanyika na nani atazigharamia.

Tukumbuke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla, na ridhaa ya wawili wanaooana. Haidai ukumbi, na hata mahari isipolipwa, ndoa haibatiliki. Wazazi na wanakamati, kodi ya nyumba watakayoishi maharusi iingie kwenye bajeti kabla ya keki.