Hati ya Safari ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuwafanyia waja wake njia za kupita ndani yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi Waislamu mliokusanyika nasi hapa Ihumwa, na ninyi ndugu zetu mnaotusikiliza majumbani na vyuoni, twajiusia nafsi zetu na twakuusieni kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twapenda kusema juu ya kitabu kidogo kiingiacho mfukoni, nacho ni pasipoti. Pengine mtu atauliza: pasipoti na mimbari vimekutana wapi? Vimekutana kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu.

Mzee huyu ni mkulima wa mtama na zabibu. Kwa miaka mingi aliweka akiba kidogo kidogo kwa nia ya Hija. Fedha zilipotimia, akaenda kuomba pasipoti. Akarudishwa, kwa kuwa jina lake katika kitambulisho cha Taifa liliandikwa kwa namna moja na katika hati ya kiapo kwa namna nyingine. Akalirekebisha, akaenda tena. Siku hiyo akaambiwa kwamba karatasi ya mzazi wake nayo ina upungufu, jambo ambalo hakuambiwa siku ya kwanza. Alipotoka nje amechoka, akakutana na kishoka. Kishoka akamwambia, "Mzee wangu, nipe hela kidogo, wiki hii hii unaipata." Mzee akatoa. Kishoka akatoweka na fedha, na Hija ya mwaka ule ikampita.

Ndugu zetu, ni nani aliyemdhulumu mzee huyu? Kishoka ni wa kwanza, hilo halina ubishi. Mtumishi aliyemwambia nusu ya mambo ni wa pili. Na wa tatu ni sisi jirani zake, tulio na vijana waliosoma, tukamwacha aende peke yake na bahasha yake mkononi.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqarah, Aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ameamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika, na tena mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Aya hiyo yahusu madeni, lakini funzo lake lamfikia kila mwenye kushika kalamu kwa ajili ya haki za watu. Kalamu ni amana. Anayeandika ana wajibu, na anayeandikiwa ana wajibu.

Tuanze na wajibu wetu tunaoandikiwa. Tarehe 31 Januari 2018, Serikali yetu ilizindua pasipoti ya kielektroniki, ambayo ni pasipoti ya Afrika Mashariki. Ada iliyotangazwa wakati huo kwa pasipoti ya kawaida ilikuwa shilingi 150,000, na muda wake ni miaka 10. Fomu hujazwa kwa njia ya mtandao, malipo hufanywa kwa namba maalumu ya kumbukumbu, kisha mwombaji mwenyewe hufika Uhamiaji kuchukuliwa alama za vidole. Malipo yakipita katika namba hiyo, kishoka hana kazi. Hupata kazi pale tu tunapokuwa na haraka, au tunapokuwa na jambo la kuficha.

Kwa hiyo usiseme uongo juu ya mahali ulipozaliwa wala juu ya jina la baba yako. Lingana na nafsi yako katika kila karatasi: kama wewe ni Ramadhani, basi usiwe Ramadhan hapa na Athumani kule. Anayetaka kuhuisha pasipoti yake asingoje wiki ya safari, kwani nchi nyingi humtaka mgeni awe na pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele yake. Nanyi wazazi, msajilini mtoto angali mchanga. Mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka 5, ulioanza kuenezwa mwaka 2013 katika Mkoa wa Mbeya, umeisogeza kazi hiyo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hutolewa bila malipo. Taabu ya mzee wetu ilianza siku aliyozaliwa bila kuandikwa.

Ama ninyi watumishi, na wengi wenu ni jirani zetu, kwani kutoka hapa Ihumwa hadi Mji wa Serikali wa Mtumba si mwendo wa kuchosha, twawakumbusha kisa cha Ibn al-Lutbiyya. Bwana Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akasema kwamba sehemu hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akahoji: lau mtu huyu angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingalimfuata? Basi mtumishi ajiulize swali hilo hilo kabla ya kupokea "chai" ya mwananchi. Na Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume alimwomba Mola wake amfanyie uzito kila atakayepewa madaraka juu ya umma huu akawafanyia uzito, na amfanyie upole atakayewafanyia upole. Nani kati yetu ataweza kuibeba dua hiyo ikiwa dhidi yake?

Hatuombi mlegeze uchunguzi. Pasipoti ni mali ya Serikali, na kumpa asiyestahiki ni khiyana kwa Taifa zima. Twaomba mambo mepesi: mwombaji aambiwe upungufu wake wote siku moja, tena kwa maandishi, apewe tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo iheshimiwe, na wazee wasiojua kompyuta wawekewe mtu wa kuwaongoza. Palipo na uwazi, kishoka hufa njaa.

Nasi tusingoje wengine. Tumekubaliana na vijana wa madrasa yetu kwamba kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri watakaa na wazee kuwasomea karatasi zao, jina kwa jina, na kuwajazia fomu bila malipo. Mzee wetu yu hai, alhamdulillahi, na ameanza tena kuweka akiba. Yeye atakuwa wa kwanza kukalishwa kitini.

Ee Mwenyezi Mungu, wasahilishie wenye nia ya kuizuru Nyumba Yako, watengenezee njia wanaotafuta elimu na riziki ya halali, na uwajaalie uadilifu wenye kushika kalamu. Tunasema haya, na tunakuomba msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili ya Waislamu wote. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.