Mchoro wa Intaneti na Maji ya Bondeni



Ndugu zangu vijana, nanyi baba zetu na mama zetu mnaosoma gazeti hili mkingoja adhana ya Maghrib, leo tuzungumze habari ya maji. Hapa Ikonge sote twajua: nyumba ziko juu mlimani, chemchemi iko bondeni, na katikati ni jerikeni ya lita 20 kichwani mwa dada yako. Naye amefunga kama wewe.

Kijana wetu mmoja, jina nalihifadhi, alipata kwenye intaneti mchoro wa kujitengenezea pampu isiyotumia umeme wala mafuta. Wengi wakasema ni uongo. Si uongo. Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yule yule aliyerusha puto la hewa moto pamoja na nduguye, aliitengeneza mwaka 1796. Na Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, kimetoa bure mchoro wa kuiunda kwa vipande vya mabomba ya plastiki vya dukani.

Inafanyaje kazi? Maji yanateremka kwenye bomba na kutokea kwenye valvu iliyo wazi. Kasi ikizidi, valvu inajifunga ghafla, pap! Maji yaliyokuwa mbioni yanapiga kama kondoo dume, yanasukuma valvu ya pili, na sehemu yake inapanda mlima. Kisha ya kwanza inafunguka yenyewe na mambo yanaanza upya, usiku na mchana. Ndani ya chumba cha hewa unatia tyubu ya baiskeli, ili mpigo usipasue mabomba.

Tupige hesabu. Yakiingia maji lita 30 kwa dakika, yakateremka mita 2, nawe wataka yapande mita 20, basi hata nusu ya nguvu ikipotea utapata lita moja na nusu kwa dakika. Mnacheka? Kwa siku nzima ni lita 2,160, yaani jerikeni 108! Mengine yote yanarudi mtoni, jirani wa chini hadhulumiwi.

Sasa, pampu ya kijana wetu ilikataa. Mama yake alikuwa amempa sehemu ya bonasi ya chai. Siku ya kwanza haikupiga hata mara moja. Kumbe valvu ya kwanza yatakiwa iwe ya kibao kinachoning'inia na kuanguka chenyewe. Dukani alipewa ya springi, naye hakuuliza. Akabadilisha. Siku ya pili tulijaa pale kutazama. Ikapiga, maji yakapanda hadi usawa wa kifua, yakasimama hapo. Akaitwa "profesa wa intaneti". Nami ninayewaandikia nilicheka, siwafichi. Wiki mbili hatukumwona msikitini.

Nilimfuata nyumbani nikamwomba radhi, tukaketi na ule mchoro. Bomba la kuteremshia maji lilitakiwa liwe gumu, na la chuma ndilo bora. Yeye alinunua lile jeusi la kukunjwa kwa sababu ni rahisi. Bomba laini hutanuka kidogo kila pigo, likaumeza mpigo wote. Na vipimo navyo! Galoni ya Marekani ni kama lita 3.8, ile ya Kiingereza waliyotumia wazee wetu ni kama 4.5. Aliyechora alikuwa karibu na duka lake, si letu. Kwa hiyo neno moja unaloliruka, kama hilo "gumu", laweza kuwa ndilo pampu yenyewe.

Isitoshe, chagua mradi ambao kosa lake waweza kulirudia. Mwaka 2010 Mkenya mwenzetu Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alijenga ndege nyumbani kwa yale aliyoyasoma kwenye intaneti. Haikuruka. Namheshimu kwa ujasiri wake, lakini ndege ikikataa angani mtu anakufa. Pampu ikikataa unalowa miguu tu.

Bado tunahitaji mabomba mawili ya chuma, ya inchi moja na robo, mita 6 kila moja. Mwenye nayo, hata ya zamani mradi hayana matundu, amwone kijana baada ya Alasiri. Yuko kule chemchemini karibu kila siku, na mama yake ameanza kushuka naye kutazama.