Mikunjo ya Vidole Majini



Mururu imekaa kando ya mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu ukashuka hata Ziwa Tanganyika. Mvuvi avutaye wavu wa sambaza ziwani, na mama afuaye nguo tangu asubuhi, wote huona ncha za vidole vyao zimejikunja kama za mzee. Wengi hudhani ya kwamba ngozi imelowana tu, kama maharage yaliyorowekwa. Sivyo.

Katika miaka ya 1930 madaktari wa Uingereza, Lewis na Pickering, waliona ya kuwa kidole kilichoharibika mshipa wa fahamu hakijikunji, hata kikikaa majini. Ingekuwa ni kulowana tu, nacho kingejikunja. Maji huingia katika vitundu vya jasho; fahamu huamrisha mishipa midogo ya damu ijibane; nyama ya ndani hupungua, na ngozi ya juu hushuka ikafanya matuta na mifereji.

Je, mikunjo hiyo ina faida? Mwaka 2013 wataalamu wa Newcastle waliwapa watu 20 gololi za kuhamisha. Vidole vilipojikunja, gololi zilizo majini zilihamishwa upesi zaidi kwa kadiri ya asilimia 12. Gololi kavu hazikuwa na tofauti. Mwaka 2014 wataalamu wa Ujerumani walijaribu vivyo hivyo, wasione faida. Mwaka 2021 Nick Davis alitangaza majaribio ya watu zaidi ya 500: vidole vyenye mikunjo vilishika kitu chenye maji kwa nguvu ndogo kuliko vidole laini vilivyolowa. Basi faida yaelekea kuwapo, ingawa mjadala haujafungwa.

Lakini lililo kubwa ni hili. Mwaka 1973 daktari O'Riain alieleza ya kuwa maji ya vuguvugu yaweza kupima fahamu za mkono, hata kwa mtoto asiyejua kujieleza. Kwa hiyo, aliyejikata kwa kisu au kupatwa na ganzi, akiona kidole kimoja kimebaki laini hali wenzake wamejikunja, asingoje, aende hospitali. Wala asipime maji kwa mkono wenye ganzi, maana hausikii moto. Apime kwa mkono mzima.

Mkono ndio riziki ya mvuvi na ya mfuaji. Atakayeutazama mapema huenda akauokoa.

Wallahu aalam.