Uso Kwanza, Machweo Baadaye

Nakala ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wapiga picha wanaofanya kazi katika fuo na maeneo ya mapumziko ya Mombasa



Jioni ndiyo saa ya biashara yenu. Jua likipoa, familia zinamiminika Mama Ngina na ufuoni, na kila moja inataka picha. Lakini mteja anayelipa anataka kwanza ajione. Ukimpa anga jekundu la kupendeza na uso uliogeuka kivuli, hatarudi. Na kwa mzee wa familia, jambo hili ni zito zaidi. Nyumba nyingi picha ya pekee ya babu au nyanya ni ile ya kitambulisho. Picha utakayopiga jioni moja huenda ikawa ndiyo itakayobaki ukutani wajukuu wamtazame.

Muda wetu ni mfupi. Mombasa jua huzama baada tu ya saa kumi na mbili, na miezi mingine hukaribia saa kumi na mbili na robo tatu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na mwanga unaobaki wa kufanyia kazi haupiti sana dakika ishirini. London mwezi wa Juni, mwanga kama huo hudumu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu uwe umeshachagua mahali, umekubaliana bei na umefuta lenzi. Ukianza kutafuta betri jua likizama, umechelewa.

Jueni pia pwani yetu inatazama mashariki. Jua letu linatoka baharini na kuzama upande wa bara. Mweke mteja bahari ikiwa mgongoni, uso ukielekea magharibi. Mwanga wa chini utamfikia usoni, nayo bahari itatulia nyuma yake. Jua likishazama usimgeuze, maana anga la magharibi bado linamulika, tena kwa upole, bila kumfanya akunje macho.

Kama mteja anataka machweo yawe nyuma yake, elewa kamera inavyofikiri. Kamera inapojipimia mwanga, hujaribu kuleta kila kitu kwenye wastani. Ikiona anga jeupe, hupunguza mwanga, na uso mweusi ndio unaoumia. Kwenye simu, gusa uso wa mteja kwenye skrini, kisha pandisha mwanga mpaka macho yaonekane. Anga likififia kidogo, hakuna hasara. Ndiyo maana pia kanzu nyeupe ikijaza picha, uso hutoka mweusi kuliko ulivyo, na buibui jeusi likijaza picha, uso hupauka. Bwana na bibi wakisimama pamoja, pima nyuso zao, usipime nguo.

Mwanga wa kuongeza si lazima ununuliwe. Ukuta uliopakwa chokaa, shuka nyeupe au kipande cha boksi jeupe la samaki, kikishikwa upande wa kivuli kikielekea mwanga, hurudisha mwanga usoni. Flashi ya kumulika moja kwa moja hung'arisha paji la uso na kuua rangi ya jioni. Ukilazimika kuitumia, ipunguze nguvu.

Wenye kamera kubwa, giza likiingia fungueni tundu la lenzi, kisha pandisheni ISO hadi 800 au 1600. Spidi ya shata isishuke chini ya 1/125 kwa mtu aliyesimama, na kwa watoto iwe juu zaidi. Chengachenga kidogo kwenye picha zinavumilika, lakini uso uliotikisika hauna dawa.

Jambo la mwisho ni la heshima na la sheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Kumpiga picha kwa malipo hakukupi ruhusa ya kuiweka kwenye tangazo lako mtandaoni. Muulize, na ikiwa ni mtoto, muulize mzazi au mlezi. Mama akikuambia picha isitoke nje ya simu yake, mwitikie na utimize. Katika mji wetu ambao kila mtu anamjua jirani yake, habari za kijana mwaminifu husambaa upesi, na za asiyeaminika husambaa upesi zaidi.

Kabla ya wikendi, mchukue rafiki yako saa kumi na moja na nusu jioni. Mpige picha moja kila baada ya dakika tano mpaka giza liingie, kisha zipangeni mzitazame. Mtaona wenyewe ni dakika zipi uso wake ulipendeza zaidi, na hizo ndizo mtakazomwekea mteja.